Mshambuliaji Aliyemtafuta Kipa

Hotuba hii ilitolewa kwa makocha wa vijana na wachezaji wanaokaribia kutundika daluga. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Waheshimiwa viongozi, makocha wenzangu, dada na kaka mnaofundisha watoto mitaani bila posho, na nyinyi washambuliaji mliokimbilia viti vya nyuma: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie safari ya mshambuliaji, kutoka ndani ya kumi na nane, eneo la penalti, hadi benchi la ufundi. Ningeweza kuwatajia majina kumi. Nimechagua moja, tukae nalo mpaka tulijue: Brian Clough, Mwingereza, mzaliwa wa Middlesbrough mwaka 1935, aliyefariki Septemba 2004.

Vijana wengi humu hamkumwona. Basi sikieni. Januari 1975 alipewa ukocha wa Nottingham Forest, timu ya daraja la pili, ya kawaida kabisa. Mei 1980 timu hiyohiyo ilikuwa imetwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara mbili mfululizo. Miaka mitano na miezi michache tu!

Na kabla ya hapo alikuwa namba tisa, mshambuliaji wa kati. Mechi za ligi 274, mabao 251. Pigeni hesabu wenyewe. Sehemu kubwa ya mabao hayo aliyafunga daraja la pili, akiwa na Middlesbrough kisha Sunderland, na wapo waliolitumia hilo kumshusha. Timu ya taifa ya England ilimpa mechi 2 tu, zote mwaka 1959. Lakini 251 ni 251, na nyavu za daraja la pili hazina matundu makubwa kuliko za daraja la kwanza.

Sasa nawauliza. Mtu aliyefunga mabao 251, siku akikabidhiwa timu, anaanza kujenga wapi? Mbele? Wengi wetu tungeanza mbele, maana ndiko tulikokulia. Clough alianza golini. Asubuhi hii nataka tuelewe kwa nini.

Rudini nami tarehe 22 Oktoba 1960, uwanja wa Charlton Athletic, London. Middlesbrough ni wageni. Clough anafunga la kwanza, la pili, la tatu. Mabao matatu ya mtu mmoja, ugenini! Timu yake kwa jumla inafunga sita. Matokeo? Sita kwa sita.

Jiwekeni katika daluga za huyo kijana. Umefanya kila kitu ambacho mshambuliaji anaweza kuombwa, halafu unapanda treni kurudi nyumbani na pointi moja. Na siyo mechi moja tu. Clough alicheza Middlesbrough miaka sita, akifunga msimu baada ya msimu, na timu haikupanda daraja hata mara moja. Mabao yalikuwa yanaingia mbele na kuvuja nyuma, kama kuteka maji kwa pakacha.

Mshambuliaji mwingine angetoka pale na lawama tu. Clough alitoka na hesabu. Iangalieni Forest msimu wa 1977/78, mwaka wao wa kwanza baada ya kupanda: mechi 42, wameshinda 25, sare 14, wamepoteza 3. Walifunga mabao 69, idadi nzuri lakini si ya kutisha. Waliyofungwa ni 24. Ishirini na manne katika mechi arobaini na mbili! Wakawa mabingwa, wakawaacha Liverpool kwa pointi 7, enzi ambazo ushindi ulikuwa na pointi 2. Kisha wakakaa mechi 42 za ligi bila kupoteza, kuanzia Novemba 1977 hadi karibu na Desemba 1978.

Alifanyaje? Septemba 1977, msimu ukiwa umeshaanza na timu ikienda vizuri, alimsajili Peter Shilton, kipa wa Stoke City, kwa fedha ambazo wengi waliona ni nyingi mno kwa kipa. Kwa Clough hesabu ilikuwa rahisi: kipa anayeokoa mabao 15 kwa msimu ana thamani sawa na mshambuliaji anayefunga 15. Nani aijue thamani ya kipa mzuri kuliko mtu aliyeishi kwa kuwatesa makipa wabovu?

Mbele ya Shilton aliweka mabeki wawili wa kati, Larry Lloyd na Kenny Burns. Burns huyu, jamani, msimu mmoja nyuma alikuwa akicheza mbele Birmingham City na kufunga mabao. Forest wakamnunua, wakamrudisha beki, na mwaka 1978 waandishi wa michezo wa England wakamchagua mchezaji bora wa mwaka. Mimi naliona hapo jicho la namba tisa. Mshambuliaji anajua mshambuliaji mwenzake anataka kukimbilia wapi kabla hajakimbia. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, mwenye kichwa kilichotulia na asiyeogopa kugongana, usimwache akigombania nafasi mbele na wengine watatu. Mjaribu nyuma.

Miaka tisa kabla, akiwa kocha wa Derby County, alikuwa amefanya jambo la aina hiyohiyo. Mwaka 1968 alimfuata Dave Mackay wa Tottenham, kiungo mkali wa mbio na vishindo, aliyekwisha kuvunjika mguu mara mbili na kufikisha miaka 33. Akamwambia asikimbie tena. Akamweka nyuma kabisa, apange mabeki, apokee mpira, autoe taratibu. Msimu huohuo Derby wakawa mabingwa wa daraja la pili, na 1972 wakawa mabingwa wa England.

Sasa tulete hapa kwetu. Kosa la kwanza la mshambuliaji aliyegeuka kocha liko kwenye daftari la mazoezi. Una saa moja na nusu. Unapasha viungo robo saa, halafu dakika arobaini nzima mnapiga mashuti golini, kwa sababu ndiyo raha yako na unajua kuonyesha. Kinachobaki ni mechi. Mabeki wamefanya nini siku hiyo? Wamekuwa waokota mipira! Mwezi ukiisha unashangaa kona zote mnafungwa.

Dawa yake ni kuandika. Wiki nne, kila siku, andika dakika: kumalizia, ngapi, kukaba mmoja kwa mmoja, ngapi, safu ya mabeki kusogea pamoja, ngapi, kona za kujilinda, ngapi, kipa peke yake, ngapi. Usijiamini kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu ya mshambuliaji inahifadhi mabao. Wiki ya kwanza ikionyesha kipa amepata dakika sifuri, unajua wiki ya pili inaanzia wapi.

Sasa nije kwa mtu ambaye jina la hotuba yangu ya leo linamhusu. Peter Taylor. Huyu alikuwa kipa. Alifika Middlesbrough 1955, akamwona kijana Clough mazoezini akiwa bado hana namba, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema wazi kwamba huyu ni mfungaji wa hatari. Wakawa marafiki. Safarini, hotelini, mezani, wakawa wanazungumza mpira: mmoja anauona kutoka mbele, mwenzake ameuona kutoka nyuma, akiwa golini dakika tisini na wachezaji ishirini na mmoja wote mbele ya macho yake.

Oktoba 1965 Clough, akiwa na miaka 30, alipewa Hartlepools United, klabu maskini ya daraja la nne iliyozoea kumaliza mkiani. Simu ya kwanza ya maana aliyopiga ilikuwa kwa kipa wake wa zamani, njoo tufanye kazi. Kule hapakuwa na kitu. Clough alichukua hadi leseni ya kuendesha basi, ili ikibidi aipeleke timu mwenyewe. Msimu wa kwanza walimaliza nafasi ya 18, wa pili nafasi ya 8. Na kuna kijana waliyempa mechi akiwa na miaka 16, kiungo mwembamba, anayekimbia kwa namna ya ajabu, John McGovern. Likumbukeni jina hilo.

Kazi waligawana. Taylor alitafuta wachezaji: alikwenda viwanja vidogo, akasimama na mashabiki, akaangalia, akarudi na jina. Clough alizungumza nao, akawapanga, akawatoa woga. Garry Birtles walimchukua Long Eaton United, timu ya mchangani tunaweza kusema, kwa pauni 2,000. Septemba 1978, katika raundi ya kwanza ya Ulaya, Birtles huyo ndiye aliyewafunga bao la kwanza Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya.

Mnataka ushahidi kwamba mmoja alimhitaji mwenzake? Taylor hakuwepo Forest mwanzoni. Clough alifika peke yake Januari 1975, timu ikamaliza nafasi ya 16 daraja la pili. Msimu uliofuata, bado peke yake, nafasi ya 8. Julai 1976 Taylor akaja. Msimu huo wakapanda. Uliofuata, ubingwa wa England. Uliofuata, ubingwa wa Ulaya. Uliofuata, ubingwa wa Ulaya tena. Baada ya Taylor kuondoka 1982, Clough alibeba Kombe la Ligi, lile la mtoano, 1989 na 1990, lakini ubingwa wa England na wa Ulaya hakuugusa tena. Na inaniuma kulisema hili: marafiki hao waligombana 1983 kwa sababu ya usajili wa mchezaji mmoja, wakaacha kusemezana, na Taylor akafariki 1990 hawajapatana.

Kwa hiyo nawaambia washambuliaji mnaoanza kozi. Ukiambiwa chagua msaidizi, usimchukue mliyecheza naye mbele kwa sababu mnacheka pamoja. Atakubaliana na kila unalosema, kwa kuwa nyote mmeutazama mpira mkiwa mmeelekea goli moja. Mtafute aliyecheza kipa, au beki wa kati. Mgawie kazi kwa maneno yaliyo wazi: nani anapanga ukuta wa faulo, nani anasema namba za kona, nani anamtazama mpinzani wiki moja kabla. Na mkikubaliana, kipindi cha pili ukiwa na hasira usimnyang'anye.

Leeds nitapita haraka. Julai 1974 Clough alichukua timu ya mabingwa ambayo kwa miaka alikuwa akiisema vibaya hadharani. Taylor hakwenda naye. Inasimuliwa sana kwamba katika mkutano wa mwanzo aliwaambia wachezaji medali zao wazitupe kwenye pipa. Mechi sita za ligi, ushindi mmoja. Siku 44, akafukuzwa. Ukikabidhiwa timu ya wakubwa waliokwisha kushinda, wiki ya kwanza uliza maswali, kaa na nahodha, kaa na mtu wa jezi. Kubadilisha kuna wakati wake.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo ufundi wa namba tisa unapolipa: mshambuliaji anakula nini?

Anakula pasi na krosi. Clough alilijua hilo tumboni. Forest alimkuta kiungo anayeitwa John Robertson, mnene kidogo, mzembe wa mavazi, hana mbio, amewekwa kwenye orodha ya kuuzwa. Makocha wengi wangemwacha aende. Clough akamwona mtu ambaye hahitaji kumpita beki ili apige krosi, akamweka winga wa kushoto. Anahitaji nusu hatua tu. Timu nzima ikaagizwa: mkipata mpira, mtafuteni Robertson.

Tazameni fainali ya Munich, 30 Mei 1979, dhidi ya Malmö. Kipindi cha kwanza kinakwisha. Robertson yuko kushoto, karibu na mstari, wawili wako mbele yake. Anawapita kwa kuusukuma mpira nje kidogo, anakunja mguu, krosi inavuka kichwa cha kipa na kuangukia nguzo ya mbali. Nani yuko pale? Trevor Francis, aliyesajiliwa Februari kwa pauni milioni 1, akicheza mechi yake ya kwanza ya mashindano hayo. Amekimbia kutoka kulia bila kusimama, anaupiga kwa kichwa akiwa ameinama karibu na majani. Moja bila. Basi. Mwaka uliofuata, Madrid, dhidi ya Hamburg, Francis ni majeruhi, na Robertson mwenyewe anagongeana na Birtles na kufunga la pekee. Fainali mbili, mabao mawili, yote yanaanzia miguuni mwa mtu aliyekuwa anauzwa. Na mabao waliyofungwa katika fainali hizo mbili ni sifuri.

Zoezi lenyewe tunaweza kulifanya kwenye uwanja wowote. Nusu uwanja, mipira 8. Winga anaanza mita 25 kutoka mstari wa goli. Anapokea, mguso mmoja wa kutuliza, mmoja wa kusogeza, wa tatu ni krosi. Wakimbiaji ni watatu: wa kwanza nguzo ya karibu, wa pili nguzo ya mbali, wa tatu anachelewa na kufika kwenye alama ya penalti, mita 11. Krosi 8 kulia, 8 kushoto, pumzika dakika mbili, rudia. Dakika 20 zinatosha.

Linaharibika wapi? Karibu kila mara ni palepale: wote watatu wanafika mapema, wanasimama ndani ya boksi dogo, wanageuka kuwa milingoti. Mpira ukija hawana kasi ya kuruka na beki anawasukuma kwa bega moja. Weka koni kwenye mstari wa mita tano na nusu. Hakuna kuuvuka kabla mpira haujatoka mguuni kwa winga. Dalili ya kuanza mbio ni kichwa cha winga: akiinamisha kutazama mpira kwa mguso wa mwisho, kimbia. Na mkimbiaji wa nguzo ya karibu aambiwe ukweli: mara nyingi hatafunga. Kazi yake ni kumvuta beki ili wa nyuma yake afunge. Asipokubali hilo, zoezi limekufa.

Nyinyi mliofunga sana mna kosa jingine hapa. Kijana anakosa, wewe unavua koti, unaingia, unafunga, unasema umeona? Hajaona! Ameona goli, hajaona mguu wa kusimamia ulikuwa wapi. Simama pembeni, mwambie kitu kimoja tu: mguu wa kusimamia uelekee unakopiga. Krosi inayofuata, acha ajaribu. Usiongeze la pili mpaka la kwanza limekaa.

Mwisho, goti. Tarehe 26 Desemba 1962, Roker Park, Sunderland na Bury, ardhi imeganda kwa baridi. Clough ana miaka 27, msimu huo ameshavuka mabao 20. Anakimbilia pasi ya kupenyeza, macho kwenye mpira, anagongana na kipa. Ligamenti za goti zinakatika. Enzi zile hapakuwa na upasuaji wa kuziunda upya kama leo. Alirudi baadaye akacheza mechi 3, akafunga 1, ikaisha. Akiwa na miaka 29, hana kazi nyingine anayoijua. Sunderland wenyewe msimu ule wa 1962/63 walikosa kupanda kwa wastani wa mabao tu. Kilichomwokoa ni kwamba klabu ilimpa vijana awafundishe wakati anauguza goti, na akagundua anaweza.

Wangapi humu mna miaka 27 na hamjashika kipenga hata siku moja? Leseni ya CAF D, ile ya makocha wanaoanza, inasomwa ukiwa bado unacheza. Omba timu ya chini ya miaka 13 mtaani kwako, siku mbili kwa wiki. Na kwa magoti ya vijana wenu wa miaka 14 na kuendelea, anzeni na ile programu ya FIFA 11+, ya kupasha viungo na kuzuia majeraha, kabla ya mazoezi: dakika 8 za kukimbia taratibu, dakika 10 za nguvu, mizani na kuruka, dakika 2 za kukimbia kwa kasi. Haihitaji vifaa. Inakufa kwa sababu moja kubwa: kocha anachelewa, anaruka zile dakika 10 za katikati. Na ndizo zinazofundisha goti lisiingie ndani kijana anapotua. Mkiona goti linaingia ndani, simamisheni, arudie polepole.

Nilisema mkumbuke jina la McGovern. Kijana yule wa miaka 16 wa Hartlepools alimfuata Clough Derby, akamfuata Leeds, akamfuata Forest. Munich na Madrid, aliyepanda kupokea kombe akiwa na kitambaa cha unahodha ni yeye. Hakuwa mfungaji. Alikuwa mtu wa kupokea mpira na kumpa aliye huru, mara mia kwa mechi, na Clough aliyekuwa namba tisa alimwona tangu akiwa mtoto.

Haya, tunyanyuke. Uwanjani koni zimeshapangwa, mawinga wawili wako tayari, mabeki wanne nao. Glavu ziko kwenye mfuko mwekundu. Washambuliaji, zamu ya kwanza nyinyi ndio makipa.